Nani Anapanga Zamu? Ushauri kwa Wenzetu Wenye Madaraka Madogo Doha

Rota ya mwezi ikishabandikwa ukutani kambini, hakuna anayeisoma kuanzia juu. Kila mtu hutafuta jina lake, akaona posti aliyopangiwa, kisha hutafuta majina ya wenzake alinganishe. Huyu amewekwa mapokezi ya jengo la West Bay, ndani kwenye kiyoyozi. Yule amepewa geti la magari kule Lusail. Mmoja ana ovataimu za kutosha, mwingine hana hata moja. Kabla chai haijapoa, bweni zima limeshajua nani anapendwa na nani hapendwi, na mara nyingi limeshajua na sababu: huyu anajua Kiarabu, yule ni wa kwao supavaiza, yule mwingine rangi yake imempendeza mteja.

Naandika kwa ajili ya huyo anayeipanga rota. Siku hizi si ajabu akawa mtu wa kwetu. Wapo Wakenya, Waganda na Watanzania walioingia Qatar wakiwa walinzi, wahudumu wa hoteli na wafanya usafi, na leo ni wasimamizi wa zamu, makarani wa ofisi za wafanyakazi, walezi wa kambi, wapokea wagonjwa kliniki. Si vyeo vya kuitwa kwenye mikutano ya wakurugenzi. Hata hivyo, maamuzi yanayomuumiza au kumpa nafuu mfanyakazi wa chini kila siku hupita mikononi mwao. Tukizungumzia usawa Doha tumezoea kuitazama serikali, kafili (mdhamini) na mabosi, na tuna haki ya kuwatazama. Lakini nani anakaa kivulini na nani anakaa juani, hilo mara nyingi huamuliwa na mtu tunayekula naye ugali.

Tuanze na sheria, kwa sababu msimamizi asiyeijua hana cha kusimamia. Katiba ya Qatar, iliyopitishwa kwa kura ya maoni mwaka 2003, inasema kwenye kifungu cha 35 kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria, bila ubaguzi wa jinsia, asili, lugha wala dini. Nchi hiyo iliridhia Mkataba Na. 111 wa Shirika la Kazi Duniani, unaokataza ubaguzi katika ajira, tangu mwaka 1976. Sheria ya Kazi Na. 14 ya mwaka 2004, kifungu cha 93, inampa mwanamke ujira ule ule wa mwanamume kwa kazi ile ile. Tangu tarehe 20 Machi 2021 kuna kima cha chini cha mshahara kwa kila mfanyakazi, awe wa taifa lolote, na wafanyakazi wa majumbani wamo: riyali 1,000 za mshahara wa msingi, riyali 300 za chakula na riyali 500 za malazi ikiwa mwajiri hatoi chakula na malazi yeye mwenyewe.

Maandishi ni mazuri. Sasa tazama yaliyopo mitaani. Tendayi Achiume, aliyekuwa mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu ubaguzi wa rangi, alizuru Qatar mwishoni mwa mwaka 2019 na akaeleza kwamba taifa analotoka mtu linapanga watu madaraja, nani anapata nini na anatendewaje. Aprili 2022 Amnesty International ilitoa ripoti kuhusu walinzi, baada ya kuzungumza na walinzi 34. Wapo waliosema kwamba rangi, taifa na lugha viliamua mshahara wao na mahali walipopangwa, na Waafrika ndio walioona zaidi machungu hayo. Ukishaifanya kazi hiyo hata mwaka mmoja huhitaji ripoti kukwambia.

Ushauri wangu wa kwanza ni wa karatasi na kalamu. Chukua rota za miezi mitatu iliyopita. Andika majina ya timu yako upande mmoja, halafu kwa kila jina hesabu mambo manne: posti za nje, zamu za usiku, Ijumaa alizofanya kazi, na saa za ovataimu. Usikadirie kwa kichwa, maana kichwa kinamkumbuka anayelalamika na kumsahau aliye kimya. Ukimaliza, pembeni ya kila jina andika nchi anayotoka. Kisha kaa chini uisome. Ukikuta Wanepali wote wamefanya usiku, au wasichana wa Uganda hawajapewa ovataimu hata siku moja, au yule kijana asiyejua Kiingereza vizuri yuko getini tangu mwezi wa sita, umeshapata jibu, na jibu hilo halihitaji semina.

Rekebisha kwa mzunguko unaojulikana. Posti ngumu zizunguke kwa wiki au kwa nusu mwezi, na utaratibu huo uandikwe juu ya rota yenyewe ili kila mtu ajue zamu yake ya tabu inaisha lini. Shida isiyo na tarehe ya mwisho ndiyo inayovunja watu moyo. Mteja akikwambia hataki Mwafrika mapokezi, au anataka msichana wa rangi fulani, usimkubalie kwa mdomo na usimjibu kwa hasira. Mwombe akuandikie barua pepe akieleza sifa za kazi anazohitaji: lugha, uzoefu, cheti. Wengi hawako tayari kuliandika lile walilolisema. Akiandika sifa za kazi, basi umepata kipimo cha haki, na yeyote anayefikia kipimo hicho mpange. Akiandika rangi, mpelekee meneja wako barua hiyo na uhifadhi nakala.

Kuna wakati wa mwaka ambapo posti ya nje inakuwa suala la uhai. Uamuzi wa Waziri Na. 17 wa mwaka 2021 unakataza kazi za nje kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, tangu tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba. Zaidi ya hapo, saa yoyote na mwezi wowote, kazi isimame kipimo cha joto na unyevu, kile kinachoitwa WBGT, kikivuka nyuzi 32.1. Mfanyakazi mwenyewe ana haki ya kuacha kazi akiwa na sababu ya kuamini kwamba joto linamhatarisha. Wajenzi wanaijua amri hii. Walinzi wengi hawaijui, kwa sababu wanaambiwa wao hawafanyi kazi, wamesimama tu. Kusimama getini mchana wa Agosti ni kazi. Wewe mwenye zamu hakikisha kila geti lina kibanda chenye kivuli na hewa baridi, maji ya kunywa yasiyopungua, na reliva anayekuja kweli, si wa kwenye karatasi. Kama kibanda kimeharibika kiyoyozi, ripoti siku hiyo hiyo kwa maandishi, na mpaka kitengenezwe gawa saa za pale kwa watu wengi badala ya kumwachia mmoja.

Sasa nigusie jambo linalotuaibisha. Zipo kambi ambako posti nzuri hununuliwa. Anayetaka kukaa ndani ampe supavaiza kitu kidogo mwisho wa mwezi. Anayetaka likizo yake ipite haraka, vivyo hivyo. Mkono mtupu haulambwi, wanasema, kana kwamba methali ni ruhusa. Fikiria mshahara ambao fedha hiyo inatoka. Mtu amekuja na deni la wakala, ingawa sheria ya Qatar inakataza mfanyakazi kutozwa ada ya kuletwa kazini, na nyumbani kuna ada za shule. Ukimpokonya riyali 50 umemla mwanawe. Na ubaya hauishii kwake, kwani rota ikishakuwa sokoni, yule asiye na cha kutoa ndiye atakayechomwa na jua, hata kama kwenye mzunguko wako maandishi yamekaa vizuri. Kama unachukua, acha. Kama anayechukua ni mwenzako, mwambie faragha mara moja, kisha mfikishe kwa mkubwa wake. Hapo hakuna udugu wa kulindana.

Na udugu wenyewe tuuangalie. Tunalalamika kwamba Waarabu wanapendelea Waarabu na Wahindi wanajaza ofisi Wahindi, halafu Mkisii akipata ofisi anajaza Wakisii, na Mhaya akipata nafasi mbili anaita wa Bukoba wote wawili. Mganda akichanganya ngeli tunamcheka mbele za watu, naye anaamua kunyamaza kwenye kikao, na siku geti linapokuwa na hatari anaogopa kusema kwenye redio. Mkutano wa asubuhi wa timu yenye Wanepali, Waghana na Wakenya ukiendeshwa kwa Kiswahili, wengine wanasikia kelele tu. Tumia lugha ambayo wote wanaielewa hata kama ni Kiingereza cha maneno mia mbili, sema polepole, kisha mwombe mmoja arudie maelekezo kwa maneno yake. Kiswahili chetu kina utamu wake, kitatungoja chumbani. Unapotangaza nafasi, itangaze kwenye ubao na kwenye makundi yote ya simu kwa siku moja, si kwenye kundi la watu wa kwenu kwanza na kwa wengine baada ya nafasi kujaa.

Posti moja inahitaji maneno yake pekee: mlango wa maduka makubwa siku ya Ijumaa. Wafanyakazi wa Industrial Area, ile Sanaya, wana siku moja ya kutoka, na wanaovaa mavazi ya kibarua hurudishwa mlangoni wakiambiwa leo ni siku ya familia. Mji wenyewe umepangwa hivyo: Sheria Na. 15 ya mwaka 2010 inakataza makazi ya vibarua kwenye mitaa ya familia. Anayetumwa kuwarudisha mara nyingi ni mlinzi Mkenya au Mganda, ambaye mwenyewe siku yake ya mapumziko akija bila sare angerudishwa na mwenzake. Kama wewe ndiye mkuu wa walinzi hapo, dai amri hiyo kwa maandishi kutoka kwa uongozi wa jengo. Isipoandikwa, usiwalazimishe vijana wako kuchagua watu kwa sura. Ikiandikwa, ifuate kama ilivyo, kwa kila mtu: kama ni wanaume wasio na familia, basi na yule Mzungu mwenye kaptura aliyekuja peke yake naye ahusike. Ukiitekeleza kwa usawa namna hiyo, amri nyingi za aina hii hupoa zenyewe ndani ya mwezi, kwa sababu uongozi utasikia malalamiko kutoka kwa watu ambao huwa unawasikiliza. Na anayerudishwa arudishwe kwa adabu, kwa salamu na kwa kuelezwa pa kwenda, bila kusukumwa bega.

Kwenye kampuni zenye wafanyakazi 30 au zaidi, Uamuzi wa Waziri Na. 21 wa mwaka 2019 unaruhusu kamati za pamoja za mwajiri na wafanyakazi, na wawakilishi wa wafanyakazi huchaguliwa kwa kura. Mgeni haruhusiwi kuunda chama cha wafanyakazi Qatar, kwa hiyo kamati hii ndiyo meza pekee halali anayoweza kukalia. Uliza ofisini kama ipo. Ikiwapo na wawakilishi wote ni makarani wa ghorofa ya juu, washawishi wafanya usafi na walinzi wa usiku wagombee, na wewe panga zamu zao ili siku ya kikao wawe wameamka. Wanawake pia. Mambo ya choo cha wanawake kilicho mbali na posti, ya usafiri wa saa nane usiku, ya siku 50 za likizo ya uzazi yenye mshahara kamili kwa aliyetimiza mwaka kazini, hayataletwa mezani na mwanamume hata awe mwema vipi. Hapo hapo waambie wasichana jambo ambalo wengi wanalijua wakiwa wameshachelewa: hospitali za Qatar huuliza cheti cha ndoa kwa mjamzito, na ngono ya nje ya ndoa, ambayo ujauzito huidhihirisha, ni kosa la jinai. Mwenye ndoa atoke nyumbani na cheti kilichothibitishwa.

Nije kwenye huduma za umma, ambako kikwazo kikubwa cha watu wetu ni kaunta. Programu ya Metrash ya Wizara ya Mambo ya Ndani ina Kiarabu, Kiingereza, Kifaransa, Kihispania, Kiurdu na Kimalayalam. Kiswahili hakimo. Dada aliyetoka Singida akamaliza darasa la saba ana haki sawa na mhandisi kuona kama kitambulisho chake cha ukaazi kiko hai, lakini hawezi kuitumia haki hiyo peke yake. Katika kila kambi yenye Waswahili wachagueni watu wawili, mwanamke na mwanamume, wenye Kiingereza au Kiarabu kizuri, wawe wa kusindikiza wenzao. Kazi yao iwe na masharti: kutafsiri kila neno bila kuongeza wala kupunguza, kutunza siri ya mgonjwa, na kutochukua hata riyali. Anayetafsiri ugonjwa wa mwenzake halafu akausimulia chumbani amemfungia hospitali milango yote.

Huyo msindikizaji ajue njia. Wanaume wa kambini hutibiwa kwenye vituo vya afya vya wafanyakazi vinavyoendeshwa na Hilali Nyekundu ya Qatar, kama vile Mesaimeer, Zekreet na Hemaila, na Industrial Area kuna hospitali ya Hazm Mebaireek, iliyofunguliwa mwaka 2018. Kwa dharura ni 999. Mgonjwa abebe kitambulisho cha ukaazi na kadi ya afya, na kama mwajiri hajamtengenezea, hilo lenyewe ni la kuripotiwa, lakini lisimzuie mtu mwenye maumivu ya kifua kwenda. Nawe mkuu wa zamu, mtu akisema anaumwa usimuulize kama kweli. Kuna wasimamizi wanaowaamini watu wa taifa moja na kuwashuku wa taifa jingine kwa ugonjwa ule ule. Mpeleke, daktari ataamua.

Wapo wasioonekana kwenye rota yoyote. Wafanyakazi wa majumbani hawaguswi na Sheria ya Kazi ya mwaka 2004. Wana yao, Na. 15 ya mwaka 2017. Inawapa kikomo cha saa 10 za kazi kwa siku, siku nzima ya mapumziko kila wiki, likizo ya wiki tatu kwa mwaka, mshahara usiochelewa kupita tarehe tatu ya mwezi unaofuata, na malipo ya mwisho wa kazi yasiyopungua mshahara wa wiki tatu kwa kila mwaka. Wengi hawajawahi kuambiwa hata kimoja. Wewe mlinzi wa jengo la maghorofa ndiye binadamu wa kwanza wa lugha yao wanayemwona, wanapoteremka kutupa taka au kupokea mzigo. Salamu yako inatosha kuanzia. Usimuulize mambo ya ndani ya nyumba mbele ya kamera, na usiombe namba ya simu kwa nia nyingine, kwa sababu ukimtia doa ataadhibiwa yeye. Mwambie siku ya kwanza neno moja tu, kwamba pasipoti ni yake: Sheria Na. 21 ya mwaka 2015 inamtoza faini ya hadi riyali 25,000 anayemshikia mfanyakazi pasipoti. Siku nyingine mwambie kuhusu mapumziko ya wiki. Siku ya tatu mpe namba ya ubalozi wa nchi yake. Kenya, Uganda na Tanzania zote zina balozi Doha.

Siwezi kuwashauri watu wadai haki zao nikawaficha hatari. Malcolm Bidali, Mkenya aliyekuwa mlinzi Doha na kuandika kuhusu maisha ya wafanyakazi kwa jina la Noah, alikamatwa Mei 2021, akafungiwa peke yake kwa takribani mwezi, kisha akatozwa faini ya riyali 25,000. Alichokieleza ni maisha ambayo maelfu wanayaishi, na namheshimu kwa hilo. Lakini mtu mwenye deni na watoto apime kabla ya kurusha video mtandaoni. Lalamiko lililopelekwa Wizara ya Kazi, kwa simu 16505 au ana kwa ana, linalindwa na utaratibu. La mtandaoni halilindwi. Ipo pia Kamati ya Taifa ya Haki za Binadamu, iliyoanzishwa mwaka 2002, inayopokea malalamiko ya wageni bila kujali taifa.

Msaidie mwenzako aandae lalamiko kabla hajapiga simu. Picha ya mkataba. Taarifa ya benki inayoonyesha mwezi ambao mshahara haukuingia. Rota zilizopigwa picha kila mwezi, kwa sababu kampuni ikibanwa rota za zamani hupotea. Ujumbe wa simu wa msimamizi, usiofutwa. Asitoroke kazini akiwa na hasira, maana mwajiri anaweza kumfungulia kesi ya utoro na dai lake likageuka kuwa utetezi. Kama anataka kuhama kampuni, tangu Septemba 2020 hahitaji barua ya ruhusa ya mwajiri. Anatoa notisi ya mwezi mmoja kama amekaa miaka miwili au pungufu, miezi miwili kama amezidisha. Mgogoro usipoisha wizarani huenda kwenye kamati za kusuluhisha migogoro ya kazi, zilizoundwa kwa Sheria Na. 13 ya mwaka 2017, ambazo zinatakiwa kutoa uamuzi ndani ya wiki tatu tangu kikao cha kwanza. Mara nyingi hukawia zaidi, kwa hiyo apange ya kula.

Na awahi. Madai hufa mwaka mmoja baada ya mkataba kwisha. Wengi huchoka, wakapewa tiketi na ahadi kwamba fedha zitatumwa, wakapanda ndege. Mwenzako akifika hapo, mzuie kwa upole mpaka dai liwe limeshapokelewa na namba ya kumbukumbu iko kwenye simu yake, na nakala kwako. Akilazimika kusafiri kabla ya hapo, kwa msiba au visa iliyokwisha, apite ubalozini aulizie namna ya kumwachia mtu wa Doha uwakilishi wa kisheria, na huyo mtu unaweza kuwa wewe.